Mlango Uliofungwa Bila Kibao

Tarehe 20 Mei 2020 ilikuwa Jumatano, siku ya uchaguzi wa rais, wabunge na madiwani nchini Burundi. Mimi nilikuwa Gitega kwa baba mkubwa, na mama alikuwa nyumbani Muyinga. Mama alikuwa na desturi ya kunitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp kila asubuhi, kwa sababu kuandika kunamchosha na kupiga simu kunamaliza salio. Siku ile ujumbe wake haukufika. Nikatuma wangu, nao ukakwama. Nikadhani mega zimeisha, nikanunua nyingine. Nikazima simu, nikaiwasha. Alasiri nikaipeleka kwa fundi wa mtaani aliyekuwa amefungua kibanda chake baada ya kupiga kura. Aliifungua, akaisafisha, akanidai faranga elfu mbili. Mezani pake palikuwa na simu nyingine tatu zenye ugonjwa huohuo. Fundi hakuwa tapeli, maana naye hakujua.

Jioni jirani mmoja ndiye aliyetueleza kwamba mitandao ya kijamii imezuiwa nchi nzima. Nikapiga simu ya kawaida Muyinga. Mama akapokea, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilidhani umeninunia, mwanangu." Usiku wa kuamkia siku ile tulikuwa tumepishana maneno kuhusu masomo yangu. Kutwa nzima alikuwa amekaa akiamini kwamba nimeamua kutomjibu.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na katika insha hii ninataka kujiuliza swali moja: kosa la kimaadili la siku ile lilikuwa nini hasa? Je, ni kule kufunga, au ni kufunga bila kusema?

Nianze na hoja ya wanaofunga, tena niieleze kwa nguvu yake yote, kwani si haki kushindana na hoja baada ya kuidhoofisha. Sisi watu wa ukanda huu tunajua kwamba neno linaweza kuua. Mwaka 1994, redio ya RTLM nchini Rwanda ilichochea mauaji ya watu. Burundi nayo ina makaburi yake ya 1972 na ya 1993, na hakuna familia inayohitaji kuelezwa maana ya uvumi. Kiongozi anayeogopa kwamba uongo mmoja utasambaa usiku wa kuhesabu kura, ukawatoa vijana nje na mapanga, haogopi kivuli. Atasema: siku mbili za ukimya ni bei ndogo kuliko roho moja. Na kama mama yangu alihuzunika kutwa nzima, atauliza, je, huzuni hiyo ina uzito gani mbele ya damu?

Hoja hii siidharau. Lakini ninaona ndani yake mambo mawili yaliyochanganywa.

La kwanza ni kuwaadhibu wote kwa hofu ya wachache. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza, na methali hii hutajwa sana na wanaopenda kufunga. Lakini mwangalie mama muuza ndagala sokoni Gitega. Akikuta walioharibika hamwagi kapu zima, huketi akachambua. Kazi ya kuchambua inachosha, lakini ndiyo kazi ya haki. Redio iliyochochea Rwanda haikujibiwa kwa kuzima redio zote za dunia. Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha iliwashtaki wahusika kwa majina yao, ikawasikiliza, na mwezi Desemba 2003 ikawatia hatiani hadharani. Neno baya lilipata hukumu, na hukumu hiyo kila mtu anaweza kuisoma.

Jambo la pili ndilo linalonisumbua zaidi, nalo ni ukimya. Tofautisha mlango uliofungwa wenye kibao na mlango uliofungwa usio na kibao. Kibao kikisema "Pamefungwa kwa amri ya fulani, kwa sababu hii, mpaka siku hii", nitakasirika, lakini nitajua. Ninaweza kwenda kwa fulani kumuuliza. Ninaweza kusubiri siku hiyo. Ninaweza kumpigia mama kwa njia nyingine. Mlango usio na kibao hunifanya nijitafutie kosa mimi mwenyewe: labda simu yangu mbovu, labda salio, labda mtu ninayemtafuta hanitaki. Aliyefunga ananinyima huduma, halafu ananinyima hata habari kwamba nimenyimwa. Huo wa pili ni udanganyifu, hata kama hakuna aliyetamka uongo.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake kuhusu amani ya kudumu cha mwaka 1795, alitoa kipimo ambacho nakiona kinafaa hapa: tendo linalowahusu haki za watu wengine, ambalo kanuni yake haiwezi kutangazwa hadharani, ni tendo lisilo la haki. Lakini hatuhitaji kwenda mpaka Königsberg. Bashingantahe wetu walikijua kipimo hicho. Walikaa mbele ya watu, wakasikiliza pande zote mbili, na uamuzi ulitamkwa mbele ya watu haohao. Mwenye kushindwa alirudi nyumbani akijua ameshindwa na nani na kwa sababu gani. Hukumu inayotolewa usiku, bila mshitakiwa kuambiwa kwamba amehukumiwa, wazee wale wasingeiita hukumu.

Tena uwazi una faida inayoonekana kwa macho. Sheria ya vyombo vya habari ya Burundi ya mwaka 2013 ilikuwa kali, lakini ilikuwa imeandikwa. Kwa kuwa iliandikwa, chama cha waandishi wa habari kiliweza kuipeleka Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na mwezi Mei 2015 mahakama hiyo ikaona kwamba baadhi ya vifungu vyake vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Linganisha na tovuti ya gazeti la Iwacu, iliyoacha kufunguka ndani ya nchi mwezi Oktoba 2017. Msomaji aliona ukurasa unaozunguka bila kufika popote. Unaweza kukata rufaa dhidi ya kifungu cha sheria. Utakataje rufaa dhidi ya ukurasa unaozunguka?

Nilipokuwa nikitafakari haya niligundua kwamba wahandisi wa intaneti nao wamewahi kujiuliza swali hilihili. Kila tovuti hujibu kwa namba. Wengi wetu tunaijua 404, yaani ukurasa haukuonekana. Mwaka 2012 mhandisi Tim Bray alipendekeza namba nyingine, 451, yenye maana kwamba ukurasa umezuiwa kwa sababu za kisheria. Namba hiyo aliichukua kutoka riwaya ya Ray Bradbury inayohusu nchi inayochoma vitabu. Mwezi Februari 2016 ikachapishwa kuwa kiwango rasmi, na kiwango hicho kinasema jibu litaje ni nani ametoa amri na kwa sheria gani. Yaani ni kibao cha mlangoni.

Kiwango hiki kinanivutia kwa unyenyekevu wake. Hakisemi kufunga ni vibaya. Kinasema tu: ukifunga, sema. Lakini pia kinaonyesha mpaka wa ufundi. Hakuna kiwango kinachoweza kumlazimisha mtu awe mkweli. Anayetaka kujificha hukata njia kabla ombi halijafika kwenye tovuti, na namba yoyote haitaonekana. Hata hivyo siwezi kukubali kisingizio kwamba haiwezekani kuwaambia watu. Kampuni ya simu ninayoitumia hunitumia ujumbe mfupi karibu kila siku kunitangazia vifurushi na bahati nasibu. Siku ile sikupata hata sentensi moja.

Hapa msomaji anaweza kuniuliza: mbona unailaumu serikali peke yake, wakati makampuni makubwa ya teknolojia yanafunga zaidi? Ni swali la haki. Kampuni inapofunga akaunti ya mtu, huweka kibao: "Umevunja kanuni za jamii." Lakini ni jamii gani? Jamii ya Muyinga ina wazee wake, maimamu wake na mapadri wake, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa kanuni hizo ziweje. Mwaka 2017 shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, lilipitisha kiwango cha kuwezesha kufuli za filamu na video ndani ya vivinjari, kwa asilimia 58.4 ya kura za wanachama wake. Shirika la EFF, lililoomba kwanza watafiti wa usalama walindwe kisheria, likajitoa. Mamilioni wanaotumia vivinjari hivyo hawakuwa na kura.

Uganda ilituonyesha nguvu hizi mbili zikigongana. Mwezi Januari 2021 Facebook ilifunga akaunti ilizosema zilihusiana na Wizara ya Habari na Mawasiliano na zilitumika kupotosha mjadala. Serikali ikajibu kwa kuizuia Facebook, na usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 14 ikazima intaneti yote kwa siku kadhaa. Fahali wawili walipigana, na nyasi, kama kawaida, ndizo zilizoumia: mwenye duka, mwanafunzi, mama anayengoja sauti ya mwanawe.

Hivyo kipimo changu hakibagui. Anayefunga, awe serikali au kampuni, ana madeni matatu kwa anayefungiwa: aseme kwamba amefunga, aseme kwa nini, na aonyeshe mahali pa kulalamika. Kampuni mara nyingi hulipa deni la kwanza na nusu ya la pili. Serikali zetu mara nyingi hazilipi hata moja.

Najua yapo mapungufu katika hoja yangu. Dhuluma haigeuki kuwa haki kwa sababu imetangazwa. Mwizi anayebisha hodi bado ni mwizi. Kwa hiyo sisemi kwamba kibao kinatosha. Nasema ni sharti la kwanza, kwa sababu bila hicho hatuwezi hata kuanza kubishana kama kufunga kulistahili. Na kama hatari ya siku ile ilikuwa ya kweli, watu wangeambiwa wangeelewa wengi. Kumficha mtu sababu ni kumhesabu kuwa mtoto au adui, na mpiga kura aliyepanga foleni tangu alfajiri hakuwa mtoto wala adui.

Nilipomweleza mama kwamba mtandao ulifungwa, alicheka, kisha akauliza, "Sasa kwa nini hawakusema?" Sikuwa na jibu. Faranga elfu mbili za fundi nimekwisha kuzisahau. Lakini siku ile moja mama aliyoamini kwamba mwanawe amemkataa, hakuna ofisi ninayoijua ambako ninaweza kwenda kuidai.