Umepunjwa, je, nawe upunje?



Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu hapa Kibiti. Katika somo letu maswali mengi yana majibu yanayojulikana: hili halali, lile haramu, na dalili yake ni hii. Lakini niliwahi kuulizwa swali ambalo jibu lake nililijua, na bado nikashindwa kulitoa. Nimeona nilieleze hapa kwa sababu naamini linawahusu nyinyi mlioko mijini pengine kuliko yule aliyeniuliza.

Aliyeniuliza ni kijana wa delta ya Rufiji, umri wake miaka ishirini na saba. Ni karani wa mizani Nyamisati. Kazi yake ni kupima kambamiti na samaki wanaoletwa na wavuvi, na kuandika kilo za kila mmoja kwenye daftari. Shule aliishia kidato cha nne. Nia yake ya siku nyingi ni kusomea biashara chuoni, ajue kutengeneza hesabu za kampuni na si za ndoo za kamba tu.

Kwa mtu kama yeye mlango upo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilibadili utaratibu wa kuingia chuo kikuu, kazi na uzoefu wa mtu vikapewa uzito. Hadi leo mtu mzima asiye na cheti cha kidato cha sita anaweza kuomba nafasi kwa kufanya mtihani maalumu. Tatizo ni kwamba nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Kufaulu peke yake hakutoshi. Ni lazima uwapite wengine.

Kijana huyu alijiandaa kwa tabu ambayo mimi nimeishuhudia. Msimu wa mpunga ukifika huhamia shambani na mama yake, wakakaa kwenye dungu kuamia ndege na kulinda shamba lisiliwe na nguruwe. Huko juu ya dungu ndiko alikosomea, usiku, kwa tochi ya simu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoikumba Rufiji na Kibiti, madaftari yake yalilowa yote. Akaanza upya kunakili. Kila Jumamosi alipanda gari kuja kwangu nimsaidie Kiingereza na hesabu za asilimia. Mambo ya leja, mizania, faida na hasara alijifunza mwenyewe kwenye kitabu chakavu alichopewa na mwenye duka mmoja.

Wiki tatu kabla ya mtihani alinisubiri nje ya msikiti baada ya Isha. Akanionesha ujumbe kwenye simu. Kuna mtu anauza mtihani, bei shilingi laki moja na nusu. Sikujua, na mpaka leo sijui, kama karatasi hiyo ilikuwa ya kweli au ni utapeli tu. Kwa hiyo chuo chenyewe sitakitaja.

"Ustaadh, kwamba wizi ni haramu nalijua," aliniambia. "Sikuulizi hilo. Nakuuliza kama huu ni wizi."

Kisha akatoa hoja yake. Wenzake wa Dar es Salaam wanasoma tuisheni kila jioni. Wana walimu, wana umeme, wana maswali ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake. Yeye ana dungu. "Mizani imeshapindishwa kabla mimi sijaweka changu," alisema. "Nikiinyoosha kidogo nimemwibia nani? Ustaadh, wewe mwenyewe ulitusomesha habari ya Bibi Hind."

Hapo alinibana. Ni kweli niliwasomesha. Hind binti Utba alimlalamikia Mtume (S.A.W.) kuwa mumewe, Abu Sufyan, ni bahili, hampi matumizi ya kumtosha yeye na watoto. Mtume akamruhusu achukue katika mali ya mume kiasi cha kuwatosha, kwa wema. Wanazuoni wamejadili kwa kirefu suala la mtu aliyezuiliwa haki yake kisha akapata njia ya kuichukua mwenyewe. Kwa hiyo kijana hakuwa anacheza na dini. Alikuwa ameuliza swali la watu wenye elimu.

Niseme ukweli, ndugu msomaji. Mfukoni nilikuwa na shilingi elfu hamsini ambazo nilikusudia kumsaidia nauli na malazi ya siku za mtihani. Ikanipitia kwamba nikizitoa zikatumika kwa jambo lile, nitajifanya sijui. Nafsi ina ujanja wake. Nikamwambia anipe siku mbili.

Siku ya pili nilikwenda Nyamisati. Nilimkuta kwenye mizani, nikakaa pembeni nikitazama. Niliona kila ndoo inapopimwa anapunguza kilo moja kabla ya kuandika. Nikamwuliza kwa nini.

"Hiyo ni ya maji," alinijibu. Akanieleza kwamba wavuvi wanalalamika mizani ya mnunuzi inawapunja, basi baadhi yao wamezoea kulowesha kamba na kuacha maji ndani ya ndoo ili uzito uongezeke. Mnunuzi alipogundua akaamua kukata kilo moja kwa kila mtu.

"Na yule asiyetia maji?" nikauliza.

"Naye anakatwa."

"Basi hasara ya maji analipa nani?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Asiyetia."

Nikamwambia hilo ndilo jibu la swali lake. Bibi Hind alichukua kwa mtu aliyekuwa anadaiwa na yeye, na alichukua kilicho chake tu. Anayenunua mtihani anachukua kwa nani? Yule mtoto wa mjini aliyesomeshwa tuisheni miaka minne hatadhurika. Alama zake ziko juu, nafasi yake ataipata. Atakayesukumwa nje ni yule wa mwisho kwenye orodha, aliyekuwa anaingia kwa alama moja au mbili. Na mara nyingi aliye pale ukingoni ni mtu wa aina gani? Ni aliyejiandaa kwa tabu. Huenda ni binti wa Mbwera, huenda ni muuza genge wa Newala anayesoma kwa kibatari. Kijana wangu alidhani anamnyang'anya tajiri, kumbe angemnyang'anya aliye kama yeye, na asingemjua kamwe.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tukiona mfumo una dhulma tunadhani kila anayeuibia mfumo anajirudishia haki. Lakini mfumo haulali njaa. Dhulma uliyofanyiwa na aliye juu yako hulipizi kwake. Unaishusha kwa aliye chini, au aliye kando yako.

Na si mtu mmoja tu anayeumia. Mwaka 1998 mitihani ya kidato cha nne ilifutwa nchi nzima baada ya kuvuja, ikabidi irudiwe. Mwaka 2018 matokeo ya darasa la saba ya wilaya nzima ya Chemba yalifutwa kwa udanganyifu, watoto wakarudia mtihani Oktoba. Katika hao waliorudia, wangapi hawakuwa wameona karatasi yoyote? Walikatwa kilo ya maji na wao hawakutia maji.

Liko jambo jingine, nalo linahusu biashara yenyewe. Qur'an ina sura nzima iliyopewa jina la wenye kupunja vipimo, Al-Mutaffifin. Mtu anakwenda kusomea kazi ya kushika hesabu za watu, awe mhasibu wa chama cha ushirika au mkaguzi wa fedha za msikiti. Akiingia kwa kupunja, somo la kwanza alilofaulu ni lipi?

Sasa nageukia kwenu, ndugu zangu wa mjini. Kumlipia mwanao tuisheni si dhambi, ni katika malezi. Lakini tusimwambie kijana wa delta kwamba uaminifu ni wajibu wake, halafu gharama ya uaminifu huo tukamwachia peke yake. Mimi nilimwambia asinunue, nikarudi kwenye mshahara wangu. Yeye alirudi kwenye dungu. Maneno yangu yalikuwa ya haki, lakini yalinigharimu kidogo sana.

Iwapo tunaamini kwamba mizani imepinda, wa kuinyoosha ni aliye upande mzito. Mtoto wako akimaliza mtihani, vitabu vyake na maswali yale ya miaka iliyopita viko wapi? Vingine vimefungia maandazi. Msikiti wenu una chumba ambacho mwanafunzi wa Rufiji anaweza kulala siku mbili za mtihani? Yuko kijana mhasibu katika jamaa zenu anayeweza kutoa Jumapili mbili kwa mwezi kufundisha leja Kibiti? Barabara ni ya lami, na kutoka Mbagala si safari ya kulala njiani. Haya hayahitaji mfadhili kutoka nje. Yanahitaji tukiri kwamba sehemu ya ushindi wa watoto wetu haikutokana na akili zao peke yake.

Ndugu msomaji atataka kujua ilikuwaje. Kijana hakununua. Alifanya mtihani wake, na hakupata nafasi.

Ningependa kuandika vingine, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alipokuja kuniambia niliandaa maneno ya subira, na kabla sijayasema akaniuliza, "Ustaadh, yule wa ukingoni, unadhani amepata?"

Nikamwambia sijui. Akasema naye anaomba awe amepata, na kwamba mwaka unaofuata anarudi tena. Jumamosi iliyofuata alikuja na daftari jipya. Zile elfu hamsini zilikuwa zimeshatumika nauli na malazi, na sasa natafuta nyingine. Mwenye kitabu cha uhasibu nyumbani kisichosomwa, asingoje kuombwa mara ya pili.

Allah (S.W.) atujaalie tupime kwa uadilifu tunapotoa na tunapopokea. Wabillahi tawfiq.