Je, Asaliye Ameketi ni Mvivu?

Je, mtu ana haki ya kusadikiwa asemapo kuwa anaumwa, hali macho yetu hayaoni kwake jeraha wala homa? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake imo haki kubwa ya ndugu juu ya ndugu yake.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Kinole, katika milima ya Uluguru, aliyezoea tangu utoto kupanda na kushuka mteremko na mzigo wa ndizi. Ameshikwa na homa ya virusi, akalala juma zima, kisha homa ikamtoka. Lakini tangu hapo, kila asimamapo moyo humwenda mbio, kichwa humzunguka na macho huingia kiza. Akilala hupata nafuu. Miezi mitatu imepita, na hali ni ile ile. Msikitini anasali ameketi. Basi minong'ono huanza. Mmoja husema huyu ni mvivu. Wa pili husema imani yake imepungua. Wa tatu husema amepandwa na majini, apelekwe kwa mganga.

Hukumu zote tatu zimetolewa bila ushahidi. Na tutazame kwanza elimu yasemaje.

Mwenyezi Mungu ameweka mwilini mishipa ya fahamu itiiyo hiari yetu, kama ile ya kuinua mkono, na mingine ijiendeshayo yenyewe. Hii ya pili huongoza mapigo ya moyo, shinikizo la damu, jasho na uyeyushaji wa chakula bila sisi kuiamuru. Mkazi wa Dar es Salaam afunguapo bomba hakumbuki misitu ya Uluguru iulishayo mto Ruvu. Huikumbuka siku maji yakosekanapo. Ndivyo tulivyo nayo mishipa hii. Mtu asimamapo, kiasi cha nusu lita ya damu au zaidi huteremkia tumboni na miguuni. Papo hapo mishipa hii huiamuru mirija ya damu ijikaze, ili damu isipungue katika ubongo. Kazi hiyo ikivurugika, shinikizo la damu hushuka, au moyo hulazimika kwenda mbio kufidia upungufu.

Imethibitika kuwa maradhi ya virusi yaweza kuacha mvurugiko huo nyuma yake. Wataalamu hueleza njia zaidi ya moja. Mojawapo ni kwamba kinga ya mwili, iliyoinuka kupigana na adui, huweza kuigeukia mishipa ya mwenyewe. Jambo hili lilijulikana kabla, lakini limeonekana kwa wingi baada ya UVIKO-19, ambao mgonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa Machi 2020. Nasi tulikwisha pata funzo la karibu nalo. Homa ya chikungunya, iliyotambuliwa kusini mwa nchi yetu katika mlipuko wa 1952, ilipata jina lake katika lugha ya Kimakonde kwa jinsi imkunjavyo mgonjwa. Huko kinachosumbua zaidi ni maungo, nayo huweza kuuma kwa miezi mingi. Basi kuondoka kwa homa si sawa na kurudi kwa afya.

Na ushahidi waweza kupatikana kwa urahisi. Mganga wa zahanati humhesabia mgonjwa mapigo ya moyo akiwa amelala, kisha akiwa amesimama kwa dakika 10, na kumpima shinikizo la damu. Kwa mtu mzima, mapigo yakizidi kwa 30 au zaidi kwa dakika na kubaki hivyo, bila shinikizo kushuka, hiyo ni dalili ya ugonjwa huu. Mvivu hawezi kuuamuru moyo wake hivyo.

Lakini, ndugu msomaji, sheria ya Mwenyezi Mungu haikungoja vipimo hivi. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alifundisha kwamba asiyeweza kusali amesimama asali ameketi, na asiyeweza kuketi asali amelala ubavu. Yeye mwenyewe, katika ugonjwa wake wa mwisho, alisali ameketi. Qurani Tukufu imemruhusu mgonjwa kuahirisha saumu, wala haikumwagiza awathibitishie majirani zake maumivu yake. Tena katika Sura Al-Hujurat waaminio wamekatazwa dhana mbaya juu ya wenzao. Basi amwitaye mvivu ndugu yake aliyeketi, amemnyima ruhusa aliyopewa na Mola wake.

Huenda mtu akasema: Je, hawapo wadanganyao? Wapo. Lakini mwongo akisadikiwa, hasara yetu ni msaada kidogo, na hesabu yake iko kwa Mungu. Mkweli akikadhibishwa, tumemwongezea jeraha juu ya ugonjwa, na hesabu hiyo ni yetu.

Ama wale wasemao majini, na wajue kwamba Hazrat Mirza Tahir Ahmad, Khalifa wa Nne wa Masihi Aliyeahidiwa a.s., alieleza katika kitabu chake cha 1998 kuwa neno jinn lina maana ya kilichofichika, na laweza kuvihusu hata vijidudu visivyoonekana kwa macho. Aliyeshikwa na adui wa namna hiyo haponi kwa hirizi.

Mgonjwa naye ana wajibu. Mtume s.a.w. alihimiza kutafuta dawa. Aende hospitali, ainuke polepole, anywe maji ya kutosha, na aongeze chumvi iwapo tu daktari amemwagiza. Wala asiache Sala kwa kuwaonea haya watu, kwani Sala ya aliyeketi kwa udhuru hufika kule kule ifikako ya aliyesimama.

Nasi tumwachie nafasi karibu na ukuta, tumsaidie shamba lake lisimee magugu, na tumwombee. Mwenyezi Mungu atuepushe na dhana mbaya, na awaponye wagonjwa wetu, waonekanao na wasioonekana. Amin.