Kilebu Anaporudi

Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii hutajwa mara nyingi kuitetea fimbo, kana kwamba kukunja na kuvunja ni jambo moja. Na tuipime kwa kazi ya msasi anayemlea kilebu awe mbwa wa mawindo.

Kilebu huzaliwa haoni wala hasikii. Macho yake hufumbuka baada ya majuma mawili hivi. Pua yake hutangulia macho, kwa hiyo kunusa hahitaji kufundishwa. Msasi huburuta kipande cha ngozi ya sungura majanini, akakificha, kisha akamwachilia kilebu aifuate harufu. Kwanza njia huwa fupi na nyofu. Baadaye hurefushwa na kupindwa, na harufu ikaachwa ipoe. Mafunzo hayo kilebu huyafurahia. Somo gumu ni kurudi aitwapo, hasa wakati mnyama anapotimka mbele yake na damu yake yote inamwamuru afuate.

Tuseme ameitwa mara tano asije, na mara ya sita anarudi, ulimi nje, mkia chini. Msasi afanye nini? Hasira humshauri apige. Lakini mbwa huambatanisha adhabu na tendo lililo karibu nayo, si lile lililopita. Apigaye hudhani ameadhibu ukaidi. Kumbe ameadhibu kurejea. Kesho mbwa atasimama mbali, fimbo isipofika, naye atakuwa ameshika barabara somo alilopewa.

Msomaji atajibu kuwa mtoto si mbwa. Yeye hukumbuka kosa la jana. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hesabu yake ni kali zaidi. Mwanafunzi aliyevunja kioo akaja mwenyewe kukiri, akapewa adhabu sawa na ya mwenziwe aliyekamatwa akificha, atauliza moyoni: ukweli umenifaa nini? Swali hilo halijibiwi kwa ukali.

Sisemi kosa lisamehewe bure. Kioo kilipwe. Msasi mwema naye si mlegevu: humfunga kilebu kamba ndefu, humwita, humvuta taratibu, na afikapo humtunza kipande cha nyama. Uhuru humpa kidogo kidogo, kwa kadiri anavyoweza kuutumia. Lakini aliyerudi kwa miguu yake na aliyeburutwa wasipokewe kwa uso mmoja.

Nchini Kenya usasi wa wanyama pori ulipigwa marufuku mwaka 1977, na leo kuna mbwa wanaonusa pembe za ndovu zilizofichwa katika mizigo bandarini Mombasa. Pua ile ile iliyomfuata mnyama sasa yamlinda. Kazi imegeuka, lakini mbwa asiyemwamini bwana wake hafai kwa kazi ya kale wala ya sasa. Mtu naye hali kadhalika: kumtisha asiondoke ni rahisi, kumlea apotee na bado atamani kurudi, hiyo ndiyo kazi.