Je, Mmea Usiotoa Ua Una Hatia?

Liko swali ambalo kila mwalimu, kila mzazi na kila mzee wa usharika hana budi kukutana nalo. Mtu asiyezaa matunda tuliyoyatazamia, je, ni haki kumlaumu? Twamfundisha, twamwonya, miaka yapita, wala hapana kitu. Wengine husema, "Ni mvivu huyu, na aachwe." Wengine hujibu, "Mvumilivu hula mbivu, tumngojee." Sisi twaona ya kuwa majibu haya mawili yote yana upungufu, nasi twataka kuuonyesha upungufu huo kwa habari ya mmea mmoja wa tumbaku.

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika jimbo la Maryland huko Marekani, ilionekana aina mpya ya tumbaku. Wakaiita Maryland Mammoth, maana yake tumbaku ya Maryland iliyo kubwa mno. Ilipanda juu kupita meta 3, na majani yake yalikuwa mengi ajabu. Wakulima waliipenda, kwa kuwa faida ya tumbaku imo katika majani. Lakini ilikuwa na kasoro moja: shambani haikuchanua. Wakati tumbaku nyingine zilipokuwa zimekwisha kuzaa mbegu, hiyo iliendelea kuongeza majani tu, hata baridi kali ya mwisho wa mwaka ikaja kuiua. Na mmea usiozaa mbegu, mwakani utapandwa nini?

Wastadi wawili wa mimea katika kazi ya serikali, W. W. Garner na H. A. Allard, walilichunguza jambo hili. Walifikiri habari za joto, za maji na za rutuba ya udongo, wasione sababu humo. Lakini waliona neno moja la ajabu: mmea uleule ukiwekwa katika nyumba ya vioo wakati wa baridi, ulichanua na kuzaa mbegu. Je, wakati wa baridi una nini ambacho wakati wa joto hauna?

Hapa sisi tukaao karibu na ikweta yatupasa kukumbuka ya kuwa nchi zile si kama kwetu. Kwetu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Kule Maryland mchana wa mwezi wa Juni ni karibu saa 15, na ule wa Desemba ni kama saa 9 na nusu tu. Basi, mwezi wa Julai mwaka 1918, huko Arlington katika Virginia, wastadi hao walijenga kibanda chenye giza. Kila siku saa kumi alasiri waliingiza humo mitumbaku michache iliyopandwa katika vyungu, na kesho yake saa tatu asubuhi wakaitoa tena. Hivyo walifupisha mchana wake, jua lingali likiwaka nje. Mimea hiyo ikachanua. Ndugu zake walioachwa shambani, wenye jua la kutwa, waliendelea kuongeza majani tu. Mwaka 1920 habari hiyo ilichapishwa, na elimu ya mimea ikapata mlango mpya.

Na tutulie kidogo hapa. Mmea ule haukukosa mbolea, wala maji, wala jua. Mtu aliyeuhurumia angaliuongezea vitu hivyo vyote, na kwa kuuongezea jua angaliuzuia zaidi. Kilichokosekana ni usiku.

Mambo haya yalizidi kufunuliwa baadaye. Mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner walieleza majaribio yao juu ya gugu liitwalo Xanthium, ambalo matunda yake yenye miiba hunasa katika nguo na manyoya ya wanyama. Walionyesha ya kuwa gugu hilo hupima hasa urefu wa giza. Ukilikatizia mchana kwa giza kidogo, halijali. Lakini ukiwasha taa katikati ya usiku wake, hata kwa kitambo kidogo, hesabu yote yaharibika, na ua halitoki. Tena mpimaji ni jani: jani moja tu likipewa usiku wa kutosha, mmea mzima waweza kuchanua. Leo twajua kwamba ndani ya jani mna kitu kiitwacho fitokromu, kilichogunduliwa huko Beltsville katika Maryland mwaka 1959. Nuru nyekundu hukigeuza, na kwa kitu hicho mmea hutambua ya kuwa kumekucha au kumekuchwa.

Lakini mtu asikimbilie kusema, "Basi, giza ni dawa ya mimea yote." Mchicha wa Kizungu uitwao spinachi una tabia iliyo kinyume kabisa: huchanua siku ziwapo ndefu. Kibanda kile cha giza, kilichoifanya tumbaku kuchanua, kingeuzuia mchicha huo. Nayo iko mimea isiyojali urefu wa siku hata kidogo. Mitatu yaweza kukaa katika bustani moja, chini ya jua moja, na kila mmoja una saa yake.

Sasa turudi kwa swali letu. Anayesema, "Ni mvivu, aachwe," angaliing'oa tumbaku ile kuwa tasa, kumbe uzao ulikuwamo ndani yake. Anayesema, "Tumngojee tu," angaliitazama mpaka baridi iiue. Uvumilivu wake ni mwema, lakini peke yake haukuiokoa. Iliyoiokoa ni bidii ya watu waliouliza, "Mmea huu wapungukiwa na nini?" wakaendelea kuuliza hata walipopata jibu wasilolitazamia.

Pengine mtu atasema, "Maneno haya yatawapa wavivu udhuru." Tunajibu: siyo. Tumbaku ile haikulala. Kila siku ilitandaza jani jipya. Tena mmea hausifiwi wala haulaumiwi, kwa kuwa hauchagui neno lo lote. Mwanadamu huchagua, na uvivu wake waweza kuwa kosa la kweli. Lakini kwa sababu mwanadamu ana kinywa cha kujieleza, sisi tulio juu yake tuna hatia kubwa kuliko mtunza bustani ikiwa tunamhukumu bila kumwuliza. Mtunza bustani alihitaji majaribio ya siku nyingi ili kuijua haja ya mmea. Sisi twahitaji kuketi na mtu na kumsikiliza.

Yuko mtoto asiyejifunza, ambaye kila mtu amemwongezea masomo na maonyo, naye labda anakosa usingizi tu, kwa kuwa kazi za nyumbani humkesha. Yuko kijana mwenye huzuni, ambaye kila aingiapo mtu humletea shauri jipya, kama taa inayowashwa usiku wa manane. Naye alihitaji kuachwa atulie. Na ndugu yake yuko hapo kando, ambaye ukimwacha peke yake atapotea, kwa kuwa yeye ahitaji mchana mrefu wa kukaa na watu. Msaada uleule ni uzima kwa huyu na kizuizi kwa yule.

Kwa hiyo twaona hivi: lawama yaweza kuwa ya haki, lakini haina ruhusa ya kutangulia. Kabla ya kumlaumu asiyezaa, na hata kabla ya kumsaidia, imetupasa kwanza kujua apungukiwacho. Asiyejua hilo, hata wema wake waweza kuwa mwanga uliowashwa saa isiyo yake.