Dhamana Iko kwa Nani?

Mwishoni mwa ripoti ya mwaka ya Apple kwa kipindi kilichofungwa Septemba 2023, baada ya kurasa nyingi za kodi, hisa na mikataba, kuna majedwali mawili mafupi. La kwanza linaonyesha bidhaa ziliuzwa wapi. La pili linaonyesha mali za kudumu za kampuni, kama vile ardhi, majengo na mitambo, ziko wapi. Mchambuzi wa hisa akiyaona hayapiti hivihivi. Huchukua kikokotoo akagawanya.

Marekani mauzo yalikuwa dola bilioni 138.6, na mali za kudumu zilizoko huko zilikuwa na thamani ya bilioni 33.3. China, pamoja na Hong Kong na Taiwan, mauzo yalikuwa bilioni 72.6 na mali bilioni 5.8. Nchi nyingine zote za dunia zilileta bilioni 172.2, na mali zilizoko humo hazikufika bilioni 4.7. Maana yake, kila dola ya mali iliyoko Marekani inaambatana na mauzo ya dola nne na senti kidogo. China ni dola kumi na mbili na nusu. Kwingineko kote ni karibu dola thelathini na saba.

Katika lugha ya fedha uwiano huo unaitwa ufanisi wa matumizi ya mali, na ni sifa njema. Kampuni inayouza vingi kwa mali chache haikufunga mtaji wake kwenye matofali na vyuma. Walimu wa biashara huwafundisha wanafunzi wao kuutafuta ufanisi huu, na wawekezaji hulipia hisa bei ya juu kwa sababu yake. Lakini chini ya hesabu hii limejificha swali la zamani kuliko biashara ya hisa, swali ambalo wanazuoni wa dini walilishughulikia kwa makini: mtu anastahili faida ya kitu kwa sababu gani hasa?

Kwanza ieleweke jinsi namba hizi zinavyozaliwa. Apple iliwahi kuwa na viwanda vyake. Mwaka 1984 ilifungua kiwanda cha kompyuta za Macintosh mjini Fremont, California, kikafungwa mwaka 1992. Tim Cook alipojiunga na kampuni mwaka 1998 kusimamia uzalishaji, alipunguza maghala, akaacha viwanda, na kuikabidhi kazi ya kuunganisha vifaa kwa makampuni mengine. Leo simu nyingi za iPhone huunganishwa na Foxconn na wenzake, katika majengo yao, na wafanyakazi walioajiriwa nao. Kinachobaki kwa Apple nchini China, kwa sehemu kubwa, ni kalibu na mashine maalumu zilizowekwa ndani ya viwanda vya watu wengine. Jengo si lake, na mkataba wa kazi wa msichana anayefunga skrubu si wake.

Uwiano huu una udhaifu ambao mchambuzi mwenye haraka hauoni. Mwaka 2022 mauzo ya China yalikuwa dola bilioni 74.2 na mali bilioni 7.3. Mwaka uliofuata mauzo yakashuka, lakini mali zikashuka zaidi, hivyo uwiano ukapanda kutoka karibu kumi hadi kumi na mbili na nusu. Kwenye karatasi, ufanisi uliongezeka wakati biashara ilipungua. Mashine ikichakaa vitabuni pasipo kununuliwa mpya ya thamani ileile, ikihamishwa au ikiuzwa, hesabu inapendeza. Yeyote anayeishangilia namba hiyo anatakiwa aseme kwanza anashangilia nini.

Na hata ramani yenyewe ya mauzo ina mambo yake. Apple hugawa biashara yake katika kanda tano, na kanda inayoitwa Ulaya inajumuisha pia India, Mashariki ya Kati na Afrika yote. Mtu anayenunua iPhone mpya Nairobi au Muscat anahesabiwa Ulaya. Hakuna udanganyifu hapo, maana ripoti inalisema waziwazi. Inadhihirisha tu kwamba kanda za kampuni zimechorwa kwa mahitaji ya wasimamizi, na kwamba mahali ambapo pato limeandikwa si lazima pawe mahali lilipopatikana.

Sasa turudi kwenye swali la kustahili.

Katika fiqhi ya Kiislamu kuna kanuni kwamba pato la kitu humfuata yule aliyebeba dhamana yake. Chimbuko lake ni hadithi iliyopokewa kutoka kwa Bibi Aisha na kuhifadhiwa katika Sunan ya Abu Daud, miongoni mwa vitabu vingine. Mtu mmoja alinunua mtumwa, akamtumikisha kwa muda, kisha akagundua kasoro iliyokuwapo kabla ya kununua. Akamrudisha. Muuzaji akalalamika kwamba mnunuzi amekwisha kufaidi kazi ya mtumwa huyo bila kulipia chochote. Mtume (s.a.w.) akaamua kwamba pato la siku zile ni la mnunuzi, kwa sababu lau mtumwa angekufa mikononi mwake, hasara ingekuwa yake. Hadithi nyingine inakataza faida ya kitu ambacho mtu hakukibebea dhamana. Wanasheria wa dola ya Uthmaniya walipokusanya kanuni za biashara katika Majalla, kati ya 1869 na 1876, waliiandika kanuni ya kwanza kama kifungu cha 85, na kifungu cha 87 kikaongeza upande wa pili: anayekula manufaa ndiye anayewajibika kwa madhara.

Jambo la kuzingatia ni kwamba sheria hii haimchukii tajiri. Haiulizi amepata kiasi gani. Inauliza alikuwa amesimama wapi siku ambayo mambo yangeweza kuharibika. Katika ubia uitwao mudharaba mwenye mtaji huingia na fedha, mwenzake huingia na kazi, na hasara ya fedha ikitokea bila uzembe humwangukia mwenye mtaji, ilhali mwenye kazi hupoteza jasho lake. Kila mmoja ana kitu cha kupoteza, na hapo ndipo haki yake ya faida inapotoka.

Thomas wa Aquino, akiandika Summa Theologiae katika karne ya 13, alifika karibu na hapohapo kwa njia nyingine. Anayemkopesha mtu fedha, alisema, amemhamishia umiliki na hatari yake, kwa hiyo hana haki ya kudai nyongeza. Lakini anayemkabidhi mfanyabiashara fedha kwa ubia bado ni mwenye mali, na fedha ile ikipotea safarini imempotea yeye, basi anaweza kudai sehemu ya faida kwa halali. Watu wa dini mbili, katika mazingira tofauti, waliona kwamba faida inayokataa kutembea pamoja na hatari ina kasoro.

Kwa kipimo hicho, kisa cha Cork nchini Ireland kinafikirisha zaidi ya jedwali lolote. Apple ilianza shughuli huko mwaka 1980. Agosti 30, 2016, Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba barua mbili za mamlaka ya kodi ya Ireland, za 1991 na 2007, ziliruhusu sehemu kubwa ya faida ya Apple Sales International, kampuni tanzu ya Apple, ipelekwe kwenye “makao makuu” yasiyokuwa katika nchi yoyote, yasiyo na mfanyakazi wala jengo. Kwa hesabu ya Tume, kodi halisi iliyolipwa kwa faida hizo za Ulaya ilishuka kutoka asilimia 1 mwaka 2003 hadi asilimia 0.005 mwaka 2014, sawa na yuro 50 kwa kila milioni. Apple ilikata rufaa, na Ireland yenyewe ikasimama upande wake. Mahakama ya chini ya Umoja wa Ulaya ikawapa ushindi mwaka 2020. Septemba 10, 2024, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikafunga mjadala: Ireland ilitakiwa kukusanya yuro bilioni 13 pamoja na riba.

Mchambuzi akitaka kupima ufanisi wa mali wa makao makuu yale, atagawanya faida kwa sifuri. Hesabu hiyo haina jibu. Faida ilikuwapo, tena kubwa mno, lakini hapakuwa na mahali ambapo moto ungeweza kuunguza chochote, wala mtu ambaye angeweza kuumia. Ilikuwa faida iliyotenganishwa kabisa na kila kinachoweza kupotea.

Upande wa pili wa mnyororo wa ugavi hali ni kinyume chake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo hutoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika betri nyingi za simu, kompyuta na magari ya umeme. Mengi yanatoka katika migodi mikubwa ya mashine mkoani Lualaba, ila sehemu yake huchimbwa kwa mikono na wachimbaji wadogo kuzunguka Kolwezi, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na nyumbani. Januari 2016 Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu watoto waliokuwa wakifanya kazi katika uchimbaji huo. Desemba 2019 familia za Wakongo zilifungua kesi Washington dhidi ya Apple, Alphabet, Dell, Microsoft na Tesla, zikieleza watoto waliokufa au kulemazwa mashimo yalipoporomoka.

Machi 2024 mahakama ya rufaa ya Washington ilithibitisha kutupwa kwa kesi hiyo. Hoja yake kuu ni ya kufikiriwa na kila anayejali swali hili: kununua kobalti kupitia mnyororo mrefu wa wauzaji, mahakama ilisema, si kushiriki katika ubia na waliosababisha madhara. Mnunuzi ni mnunuzi tu. Kisheria jambo limeamuliwa. Kimaadili lipo palepale, kwa sababu mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa aliyeinama ni kijana wa Kolwezi, wakati aliyekipata cha mvunguni yuko mbali na shimo lile kwa hatua kadhaa za mikataba.

Haki inadai upande wa Apple usikike, na hoja zake si nyepesi. Mwaka huohuo wa 2023 kampuni ilitumia karibu dola bilioni 30 kwa utafiti. Kanuni za uhasibu za Marekani huitaka iziandike kama matumizi ya mwaka badala ya mali, hivyo rasilimali yake kubwa kabisa, yaani maarifa, haionekani katika jedwali. Tena ilikuwa na ahadi za ununuzi kwa watengenezaji za takriban dola bilioni 53. Simu isiponunuliwa, ahadi hizo zinabaki shingoni mwake. Kusema Apple haibebi hatari yoyote ni uongo. Inabeba hatari ya soko, na inaibeba kwa ukamilifu.

Ila hatari ziko za aina nyingi, na mkataba mzuri huzipanga kila moja kwa anayeweza kuistahimili. Hatari ya fedha imebaki kwa wenye hisa, ambao wanaweza kuuza hisa zao kesho asubuhi. Lakini hatari ya mwili imeshushwa hatua kwa hatua hadi kwa mtu asiye na bima, asiye na mkataba, na asiye na mahakama ya karibu. Papa Yohane Paulo II alilitazama jambo hili katika waraka wake Laborem Exercens wa Septemba 1981. Alizungumzia mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani watu na taasisi ambazo hazimwajiri mfanyakazi lakini zinaamua kwa kiasi kikubwa masharti ya kazi yake, na akayataja makampuni ya kimataifa yanayojitahidi kupandisha bei ya bidhaa zao huku yakibana bei ya malighafi. Kwa mtazamo huo, umbali wa kisheria haufuti wajibu. Anayepanga bei na muda wa kazi amekwisha kuingia katika kazi yenyewe.

Desemba 2024 serikali ya Congo ilipeleka malalamiko ya jinai Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya kampuni tanzu za Apple, safari hii kuhusu bati, tantali na tungsteni kutoka mashariki ya nchi, ambako makundi yenye silaha hunufaika na migodi. Apple iliyakanusha madai hayo, ikaeleza kwamba ilikwisha kuwaagiza wauzaji wake waache kununua madini hayo, pamoja na dhahabu, kutoka Congo na Rwanda. Baadaye waendesha mashtaka wa Paris waliliweka kando shauri lao.

Agizo lile linaonekana kama hatua safi, na huenda lilitolewa kwa nia njema. Hata hivyo, likiwekwa mbele ya kanuni ya fiqhi linafungua jambo ambalo halijajibiwa. Mnunuzi katika hadithi alirudisha alichonunua na akabaki na pato la siku zilizopita, kwa kuwa katika siku hizo yeye ndiye angepata hasara. Kampuni inayojitoa leo katika soko la madini ya Congo nayo inabaki na pato la miaka iliyopita. Lakini katika miaka hiyo waliosimama chini ya udongo usio na nguzo, na njiani palipokuwa na vizuizi vya wenye bunduki, walikuwa wachimbaji wa Kivu, huko mashariki ya Congo. Wao ndio waliokuwa na dhamana, na agizo la kusitisha ununuzi limewaondolea mnunuzi bila kugusa sehemu yao ya pato hilo.