Fundisho la Kando kwa Binti Asiyesikia



Katika Injili ya Marko, sura ya 7, twasoma habari za kiziwi aliyeletwa kwa Bwana Yesu. Tuangalie jinsi Bwana alivyomtendea. Kwanza alimtenga na watu, akaenda naye kando. Kisha alitumia mikono yake: akamgusa masikio, akamgusa na ulimi, akainua macho mbinguni. Hayo yote ni mambo ya kuonekana na kuguswa, maana mtu yule hakuweza kusikia neno. Kabla ya kunena, Bwana alisema naye kwa vidole.

Leo twataka kunena juu ya binti zetu viziwi na siku zao za mwezi. Huenda wengine watastaajabu kuliona jambo hili katika gazeti la Kanisa. Lakini mwili ni kazi ya Mungu, wala hakuna kiungo alichokiumba kwa kukionea haya.

Wasichana wengi huvunja ungo kati ya miaka 10 na 15. Damu ile si ugonjwa wala si laana. Tumbo la uzazi hujiandaa kila mwezi kumpokea mtoto; mimba isipotungwa, utando wa ndani hutoka pamoja na damu, kwa muda wa siku 3 hata 7. Msichana anayesikia huanza kulijua jambo hili hata kabla ya kuketishwa na somo yake, kwa maana huwasikia dada zake wakinong'ona kisimani. Bali watoto viziwi walio wengi wamezaliwa na wazazi wanaosikia, nao wazazi wengi hawaijui lugha ya alama. Nyumbani mtoto huonyeshwa maji, jembe na chakula, basi. Jambo linalofundishwa kwa kunong'ona halimfikii asiyesikia.

Kwa hiyo siku ile ikija, hudhani kwamba ameumia ndani, au kwamba anakufa, wala hana njia ya kuuliza. Hujifunga kitambaa chochote, kisha hukificha chini ya godoro kingali kibichi. Na hayo huleta mwasho na maradhi. Tena liko lililo baya zaidi: hajui ya kuwa tangu sasa aweza kupata mimba. Na mtu mwovu hupenda kumwendea yule anayedhani kwamba hawezi kumshtaki. Wazee walinena kweli: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Basi yatupasa kufanya nini? Mama amtwae binti yake kando, kabla ya siku ile kufika, wala si baada yake. Kama mama hajui alama, na atafutwe mwanamke kiziwi mtu mzima, au mwalimu wa kike anayezijua. Asiitwe mwanamume kutafsiri. Amwonyeshe kwa picha jinsi mwili ulivyo ndani. Amwonyeshe sodo au kitambaa chenyewe, na jinsi ya kukivaa. Ambadilishie kila baada ya saa 4 hata 6, mpaka binti aweze mwenyewe. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni na maji safi, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Siku zitiwe alama katika kalenda, apate kujua zitakaporudi. Mwisho, binti mwenyewe aonyeshe yote aliyofundishwa. Maana kutikisa kichwa si kufahamu.

Kanisa letu lina shule za viziwi, kama zile za Mwanga na Njombe. Hata hivyo mtoto hurudi kwao wakati wa likizo, na wengine hawajafika shuleni kamwe. Ninyi waalimu na wainjilisti mnaijua kila nyumba ya mtaa wenu. Nao umri wa kipaimara ndio umri wa kuvunja ungo. Mnapoandika majina ya watoto wa kipaimara, ulizeni: yuko binti kiziwi nyumbani? Na nani amemfundisha habari za mwili wake? Mkeo, mwalimu, au mzee wa kike wa usharika, aweza kuifanya kazi hiyo. Daktari Martin Luther, mwaka 1520, alifundisha kwamba kiziwi asinyimwe Sakramenti, akionyesha kwa ishara zilizo wazi kwamba anaitamani. Ikiwa ishara za mikono zatosha mezani pa Bwana, je, hazitoshi nyumbani kwa mama?

Tena tumkumbuke mwanamke yule wa Marko sura ya 5, aliyetokwa na damu miaka 12. Alimjia Bwana kwa siri, akitetemeka. Bwana hakumwonea kinyaa, wala hakumfukuza, alimwita binti. Jina hilo lawafaa pia hawa tuliopewa kuwalea. Mungu atupe mikono ya kuwafundisha. Amina.