Maji ya Njiani

Msomaji, ukipeleka maji kwa ng'ombe wa baba yako, je, unayo haki ya kumgawia mpita njia?

Katika ukame wa mwaka 2022 niliendesha lori kuukuu kutoka Msambweni, nikapanda Kwale, nikapita Kinango kuelekea malishoni kwetu. Njiani bibi mmoja mzee, mwenye madumu mawili matupu, aliniinulia mkono. Nilikuwa na sababu mbili za kumpita. Kwanza, ahadi ni deni, na maji yale nilikwisha kumwahidi baba. Pili, mtambo wa dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Ukichakaa haubani sawasawa, na ukizimwa ni taabu kuwaka tena.

Sababu ya pili ilikuwa hila, maana kusimama si kuzima. Ya kwanza ilikuwa kweli, lakini haikutosha: deni la mali hulipika, uhai haulipiki. Nikasimama, nikayajaza madumu yake.

Nilipofika nilimweleza baba upungufu ule kabla hajauliza. Alinyamaza siku nzima. Sikulalamika; kwani wema wa kutoa cha mwingine hautimii mpaka mtoaji akubali kulaumiwa.